UZI: Neno "na" limetapakaa dunia nzima. Je, lina asili moja?

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni. Kila baada ya muda naletewa orodha ile ile kwenye simu: maneno ya Kiswahili yanayofanana na ya Kijapani, ya Kikorea, ya Kipolishi. Chini yake huwa kuna hitimisho, ama kwamba lugha zote za dunia zilitoka kwetu, ama kwamba Kiswahili ni mkusanyiko tu wa maneno ya watu. Yote mawili yananiuma, maana yanairuka historia ya kweli ya lugha yetu, na hiyo ya kweli ni tamu kuliko hizo za kubuni. Leo nachukua neno dogo kabisa, "na", tulifuatilie hadi linakoishia. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Tuanze kwa kuona lilivyotapakaa. Mpolishi akisema "na stole" anamaanisha juu ya meza. Mreno akisema "na mesa" naye anamaanisha mezani. Kwa Mkorea "na" ni mimi. Mhausa akikushukuru husema "na gode", na hiyo "na" ni mimi vilevile. Mwajemi akisema "na" amekataa. Mfilipino akisema "kumain na ako" anakuambia ameshakula. "Na" ndiyo hiyo "-sha-" yetu. Mchina ana "na" ya sauti inayopanda, maana yake kushika au kuchukua, na "na" ya sauti inayoshuka, maana yake ile. Kithai kina toni 5, na ukiivuta "naa" kwa toni tofauti unapata shamba la mpunga, uso, unene, na mdogo wake mama. Mjapani ana "na" ya jina na "na" nyingine ya mboga za majani.

Halafu kuna jozi iliyonishangaza kuliko zote. Kwa Kiayalandi "wale wanawake" ni "na mná". Kwa Kihawaii ni "nā wāhine". Lugha mbili, moja kaskazini magharibi ya Ulaya na nyingine katikati ya bahari ya Pasifiki, na zote zinatanguliza "na" kuonyesha kwamba vitu vinavyotajwa ni vingi na vinajulikana. Mtu akikuletea jozi kama hiyo bila maelezo, utaapa kwamba hao ni ndugu waliopotezana.

Sasa turudi nyuma kwenye historia ya kila moja, maana hapo ndipo ukweli ulipo.

Hiyo "na" ya Kiayalandi, katika maandishi ya kale ya lugha hiyo, ilikuwa "inna". Ya Kihawaii haikuwa na n kabisa. Tunajua kwa sababu Wahawaii na Wamaori wa New Zealand lugha zao ni za ukoo mmoja, na Wamaori mpaka leo husema "ngā", linalotamkwa ng'a. Kihawaii kiligeuza kila ng' kuwa n, na t kuwa k: mtu kwa Kimaori ni "tangata", kwa Kihawaii ni "kanaka". Kwa hiyo upande mmoja tuna "inna", upande wa pili tuna "ng'a". Kadiri unavyorudi nyuma, ndivyo maneno haya mawili yanavyoachana. Yamekutana juzi tu, baada ya kila moja kusagika kwa njia yake.

Ya Kireno nayo si neno moja. Ni maneno mawili ya Kilatini yaliyogandana: "in", yaani katika, na "illa", yaani ile ya kike. Watu walisema haraka karne kwa karne, ikawa "en la", ikawa "enna", ikabaki "na". Ndiyo maana ina mwenzake wa kiume, "no". Ya Kipolishi haina uke wala uume. Warusi, Wacheki, Waserbia na Wabulgaria wote wanayo, na wanaisimu wanaiunganisha na "on" ya Kiingereza na "an" ya Kijerumani. Kwa hiyo "na stole" na "na mesa" zinafanana sauti na maana kwa wakati mmoja, na Kipolishi na Kireno kweli ni lugha za ukoo mmoja wa mbali, lakini "na" hizi mbili hazina uhusiano. Hata ndugu wanaweza kufanana kwa jambo ambalo hawakurithi.

Kwa nini hutokea mara nyingi hivi? Hesabu yenyewe ni rahisi. Kiswahili kina irabu 5. Chukua konsonanti zetu zote, ukizihesabu na ch, sh, ny, ng', th, dh, gh, kh: silabi za konsonanti moja na irabu moja hazifiki 150. Kihawaii kina konsonanti 8 tu. Duniani kuna lugha zaidi ya 7,000, kila moja ina maelfu ya maneno, na kila moja hupenda kuyapa majukumu ya kila saa (na, ni, si, wa, ya) maneno mafupi kabisa. Sauti n na a zenyewe ni miongoni mwa zile zinazopatikana karibu kila lugha. Basi ajabu ingekuwa "na" isijirudie.

Mchangiaji, Mombasa

Ahsante ndugu yangu, umenifungua. Lakini hapa kwetu Wareno walikaa. Walifika 1498, wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, wakatolewa 1698. Miaka 200. Meza ni yao, bendera yao, leso, kasha, gereza. Kwa nini "na" isiwe yao? Na "ni" je, si ya Kiarabu? Maana Mwarabu husema "a'tini", nipe. Hiyo "ni" ya mwisho ni mimi, kama yetu.

Mtoa mada

Swali zuri, mkuu, na nisingependa kulijibu kwa mkato. Kuna jibu jepesi ambalo watu hulitoa: kwamba lugha haikopi maneno madogo, inakopa majina ya vitu tu. Jibu hilo si sahihi. Kiswahili kimekopa maneno madogo chungu nzima kutoka Kiarabu: lakini, au, wala, hata, kama, bila. Kwa hiyo udogo wa neno hauthibitishi kitu.

Kinachothibitisha ni hiki. Nenda Durban, kusini kabisa, ambako Waswahili hawakutawala na Kiswahili si lugha ya sokoni. Muulize Mzulu aseme "pamoja na mimi, pamoja na wewe, pamoja na yeye". Atakuambia: nami, nawe, naye. Mimi mara ya kwanza kuyaona hayo nilisimama. Si neno moja linalofanana, ni safu nzima: nami, nawe, naye, nathi, nani, nabo. Na sisi: nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao.

Sasa tazama ya mwisho, nabo na nao. Hazilingani, na kutolingana kwake ndiko kunakothibitisha undugu zaidi ya kulingana. Kizulu kimeshika b pale ambapo Kiswahili kimeilegeza ikawa w, au kimeiacha kabisa. Wao "abantu", sisi "watu". Wao "-bili", sisi "-wili". Wao "bona", sisi "ona". Wao "ubusuku", sisi "usiku". Wao "ubuntu", sisi "utu". Tofauti ileile inajirudia katika neno baada ya neno. Bahati haina nidhamu ya namna hiyo. Bahati inakupa neno moja hapa na moja kule, haikupi kanuni.

Ndiyo kazi aliyoanza Wilhelm Bleek aliyezipa lugha hizi jina la Bantu katika karne ya 19, akaiendeleza Carl Meinhof, kisha Malcolm Guthrie: kupanga tofauti kwa safu mpaka umbo la kale lionekane. Ukirudi nyuma na "na" ya Kizulu, ya Kiganda, ya Kichangana cha Msumbiji, ya Kilingala, hazifarakani kama ya Wahawaii na Waayalandi. Zote zinafika palepale, "na" ya kale ya Kibantu, iliyokuwa ikisemwa kabla Ureno haijawa nchi. Wamozambiki wa Maputo wanazo zote mbili: "na" ya Kireno ya mahali na "na" ya Kichangana ya kuunganisha, kwenye mdomo mmoja, na hawazichanganyi.

Kuhusu "ni": ni kweli Kiarabu kina "-ni" ya mimi, na Kihausa, ambacho kimo katika ukoo mpana wa Kiarabu, kina "ni". Lakini kama tungeikopa, Mganda na Mnyarwanda wa bara wangeitoa wapi "n-" yao? Mganda husema "ndya", nakula. Hiyo n ya mbele ni "ni" yetu iliyopoteza irabu. Halafu ona mahali inapokaa. Mwarabu anaiweka nyuma ya kitenzi, sisi mbele: a'tini, nipe. Na kwa Mchina "ni" ni wewe, kwa Mfini "-ni" ni -angu: "taloni", nyumba yangu.

Mchangiaji, Tanga

Ustaadh, umetaja Kiarabu. Sisi tuliosoma chuoni tunajua "Rabbana", Mola wetu. Hiyo "na" ya mwisho si ndiyo hii?

Mtoa mada

Umegusa mahali ninapopapenda sana. Hiyo "-nā" ya Kiarabu ni "-etu" au "sisi". Ipo katika Rabbanā, ipo katika "Maulana", neno tulilolizoea hata tumesahau kwamba ndani yake limekwisha kusema "wetu". Anayesema "Maulana wetu" ameutaja umiliki mara mbili, na hakuna ubaya, ndivyo maneno yanavyokaa yakihamia lugha nyingine.

Sasa waite na ndugu zetu Wakristo. "Maranatha", neno la Kiaramu lililomo katika Wakorintho wa Kwanza 16:22. Wasomi hubishana lianze kukatwa wapi, "maran atha" au "marana tha", Bwana wetu amekuja au Bwana wetu, njoo. Lakini katika mikato yote miwili "wetu" imo, na inatokana na asili ileile ya "-nā" ya Maulana. Kiarabu na Kiaramu ni lugha za ukoo wa Kisemiti, huo ni urithi wa kweli. Msikitini Maulana, kanisani Maranatha, kipande ni kimoja.

Lakini msikimbilie "Hosana". Hilo ni la Kiebrania, na Kiebrania nacho ni Kisemiti, kwa hiyo mtu angetegemea "na" yake iwe ndugu. Linatoka Zaburi 118:25, "hoshia na", tuokoe twakusihi. Hapo "na" ni ya kusihi, kama "tafadhali" au "basi" tunayoiweka mwishoni mwa ombi: njoo basi. Haina "wetu". "Wetu" ya Kiebrania ni "-nu". Maneno mawili ya ibada yanasemwa kwenye kanisa moja Jumapili moja, yote yana "na", na kila "na" ina kazi yake.

Mchangiaji, Lubumbashi

Mimi niko Lubumbashi. Kwenu munasema "anakula", kwetu tunasema "iko nakula". Kwa Kilingala "nalingi yo" ni mimi nakutaka wewe, na "na ndako" ni nyumbani. Hizi "na" zote ni moja?

Mtoa mada

Ndugu, swali lako ndilo gumu kuliko yote humu.

"Na" ya "na ndako" na ya "mimi na wewe" ziweke kapu moja. Kilingala kimeipa "na" ya Kibantu kazi ya mahali pia. Ile ya "nalingi" ni nyingine, ni kiambishi cha nafsi ya kwanza. Hata sisi tunayo: "nakupenda" si "na" ya kuunganisha, ni "ni" na "a" zilizoungana. Ilinganishe na "twakupenda", ambayo ni "tu" na "a": "a" ni ileile, mtendaji tu ndiye aliyebadilika. 

Ile ya "anakula" ndiyo yenye hadithi. Wanaisimu wengi huihusisha na "na" ya kuwa na kitu: mtu yuko na kula, yaani kula ndiko alikonako sasa. Wewe wa Lubumbashi unaposema "iko nakula" unaitembea tena njia ileile mbele ya macho yetu. Na si ya Kibantu chote. Mkikuyu husema "ararĩa", Mnyarwanda "ararya", wote wana "-ra-". Mzulu "uyadla", ana "-ya-". Mswahili wa Mombasa wa asili husema "yuwala", bila "-na-". Kwa hiyo hiyo "-na-" ni tawi lililochipua kwetu baadaye, si la kwenye shina.

Nalisema hili kwa sababu nyingine. Waigbo wa Nigeria husema "ọ na-eri nri", anakula chakula. Na-, kitendo kinaendelea! Na Kiigbo kiko pamoja na lugha zetu katika ukoo mkubwa wa Niger-Kongo. Kila kitu kinakuita useme ni urithi. Lakini kama Mzulu, Mkikuyu na Mnyarwanda, walio karibu nasi zaidi ya Waigbo, hawana "-na-" hiyo, na Mombasa yenyewe ina "yuwala", basi hatukuirithi kutoka kwa babu wa pamoja na Waigbo. Kila mmoja ameitengeneza kwake. Undugu wa lugha haugeuzi kila mfanano kuwa urithi. Hapo ndipo watu wengi wenye nia njema huteleza, pamoja na baadhi ya wasomi wetu wanaoipenda Afrika kama ninavyoipenda mimi.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu na "simba"? Naambiwa ni Kihindi, "simha", ndiyo Singapore na ndiyo Kalasinga.

Mtoa mada

Singapore kweli ni "simha" na "pura", mji wa simba. Kalasinga kweli limebeba "Singh", ambayo ni simha hiyohiyo. Lakini simba wetu hakutoka huko. Kwa Kizulu "insimba" si simba, ni kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoa anayefanana na paka. Kwa Kishona "tsimba" ni kanu. Kwa Kiganda "akasimba" ni kanu. Kama neno lingeshuka kutoka majahazi ya Wahindi pwani, lingefika bara likiwa na maana ya simba, tena kwa namna moja. Badala yake tunalikuta mahali pengi bara likimtaja mnyama mdogo wa jamii ya karibu na paka, na kila lugha imelitamka kwa kanuni zake. Ni letu.

Kuna mfano mwingine wa aina hii ambao wanaisimu huusimulia dunia nzima. Katika lugha ya Mbabaram, kaskazini mwa Queensland, Australia, mbwa huitwa "dog". Waingereza hawakuwafundisha. R. M. W. Dixon aliyeiandika lugha hiyo alionyesha kwamba neno limetokana na "gudaga", ambalo lugha jirani ya Yidiny bado inalo kamili. Mbabaram waliangusha mwanzo na mwisho, likabaki dog. Huko tena ni kurudi nyuma kulikoamua.

Mchangiaji, Tanga

Basi na "mama"? Hiyo ipo kila mahali na maana ni moja.

Mtoa mada

Maana si moja kila mahali. Georgia ya Caucasus, "mama" ni baba, na mama ni "deda". Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwamba m, p, b pamoja na a ndizo sauti za mwanzo za mtoto mchanga, na wazazi ndio wanaozipa maana. Hapo si urithi, si mkopo, na si bahati tupu. Ni mdomo wa mtoto. Kwa hiyo mama haithibitishi undugu wa lugha yoyote. Mjapani leo humwita mama "haha", lakini h ya Kijapani ilitokana na p ya kale, kwa hiyo zamani za kale mama yao alitamkwa karibu na "papa". Mwaka 1516 kiliandikwa huko kitendawili: kwa mama hukutana mara mbili, kwa baba hata mara moja hazikutani. Jibu lilikuwa midomo. Leo ukisema "haha" midomo haigusani kabisa, ndipo watu wakajua kwamba wakati ule ilikuwa bado ikisogeleana.

Sasa nina ombi. Nimesema Kiswahili kiliiacha b. Mwenye Kinyarwanda au Kirundi humu ajaze safu ya nami, nawe, naye. Nadai kabla sijaiona kwamba ya mwisho itakuwa na b.

Mchangiaji, Kigali

Muraho. Nanjye, nawe, na we, natwe, namwe, nabo. Na kuona ni "kubona", watu ni "abantu", wawili ni "babiri".

Mtoa mada

Murakoze cyane. Nabo, kubona, abantu, babiri: b iko palepale Mzulu alipoishika, na kati yake na Mzulu kuna maelfu ya kilomita. "Natwe" nayo imetusaidia, maana "tu-" ya "tunakula" imo humo, ilhali katika "nasi" yetu haionekani tena. "Nanjye" haifuati "nami". Kinyarwanda kimejenga "mimi" kwa namna yake, na hiyo inahitaji uzi wake. Wenye Kihaya, Kisukuma, Kimakonde na Kingoni, wekeni safu zenu hapa chini, nafsi zote sita, kama mnavyozisema nyumbani.